Barua ya wazi: Mpangaji akileta malalamiko, mgongeeni muhuri siku hiyo hiyo

Kwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na nyumba,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Kwa wakurugenzi wa halmashauri, wenyeviti wa mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, na watendaji wa kata katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha,

Waheshimiwa,

Shikamooni ninyi mlionizidi umri, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, mama wa watoto wawili, na mpangaji wa miaka 17. Nimekaa Pasua, nimekaa Majengo, nimekaa Njoro. Wapo wenye nyumba wangu wa zamani ambao wakifiwa naenda kukaa matanga, na wakiozesha nguo nashona mimi. Naomba basi barua hii isisomwe kama ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba. Nina jambo moja la kuomba, na nitalieleza kwa kisa changu kwa kuwa ndicho ninachokijua mwanzo hadi mwisho. Jina la mtu sitataja, wala kata sitaitaja, maana sina nia ya kumvunjia mtu heshima.

Jumatano moja ya mwezi wa 11 nilirudi kutoka soko la Mbuyuni na zipu na mabunda mawili ya uzi mweupe. Nilipofika mlangoni nikakuta makufuli mawili. La chini lilikuwa langu. La juu lilikuwa jipya, bado lina kile kikaratasi cha bei kilichogandishwa tumboni: shilingi 5,000. Mle ndani kulikuwa na cherehani yangu, madaftari ya binti yangu aliyekuwa katikati ya mtihani wa kidato cha pili, na magauni meupe 11 ya kipaimara. Kipaimara kilikuwa Jumapili. Wanaotoka Kilimanjaro wanajua siku hiyo ilivyo: ndugu wameshuka kutoka Dar, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, mtoto ameahidiwa gauni tangu Pasaka. Mama wa kwanza alinipigia simu saa kumi na moja jioni kuuliza kama anaweza kumleta mwanawe kupima. Nilimwambia aje kesho. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya mlango wangu mwenyewe.

Chanzo chake kilikuwa hivi. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwezi wa 8 nilimlipa bibi mwenye nyumba kodi ya miezi sita, shilingi 480,000, hadi mwisho wa mwezi wa kwanza. Kabla ya hapo, wakati wa masika, paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha watoto. Nilimfuata bibi, akaja, akaangalia juu, akasema, "Mwanangu, nunua bati, fundi apande, utakata kwenye kodi." Nikanunua mabati manne, misumari na mbao mbili, nikamlipa fundi. Jumla shilingi 168,000. Nilipotaka kukata mwezi wa 8, bibi aliniomba nisubiri kwa sababu alikuwa anahitaji fedha za matibabu. Nikasubiri. Ni mtu mzima, alikuwa ananiletea ndizi kutoka kihambani kwake, yaani shamba la ukoo mlimani, singeweza kumkatalia.

Baada ya hapo hali yake ikawa mbaya, na mwanawe akachukua usimamizi wa nyumba. Kijana akasema habari ya mabati haijui. Akasema kuanzia mwezi wa 11 kodi ni 100,000, na kwa kuwa nilishalipa miezi sita nimuongezee 60,000 ya ile miezi mitatu iliyobaki. Nikamwambia nimeshalipa, bei itabadilika nitakapolipa tena. Tukavutana wiki mbili. Kwanza nikaona umeme umekatika kwenye mita yangu ndogo peke yangu, wapangaji wenzangu wanawaka. Kisha ndiyo likaja lile kufuli.

Simsemi vibaya. Alikuwa na mama mgonjwa na bili ya hospitali mkononi. Huenda angepewa nafasi ya kusema, wazee wangeona na yeye ana hoja, na mimi ningeambiwa niongeze kidogo. Ninachojua ni kwamba hakuna mahali popote ambapo yeye na mimi tuliwahi kuketi mbele ya mtu wa tatu, kila mmoja akasema lake, likaamuliwa.

Na nilipatafuta mahali hapo. Jumatano ile ile nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Akanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akampigia kijana simu, haikupokelewa. Nikaenda polisi, wakaniambia hilo ni shauri la madai, niende kata. Alhamisi asubuhi nikawa kata. Karani wa baraza la kata, lile la kusuluhisha migogoro, alinipokea vizuri, sina budi kulisema hilo. Akafungua kaunta buku lenye jalada jeusi, akaandika mistari minne: jina langu, jina la kijana, "amefungiwa nyumba", na namba yangu ya simu. Nikamwomba nakala. Akanitazama kwa huruma: "Dada, hili ni daftari. Hatutoi nakala." Nikamwomba basi aniandikie hata kikaratasi kwamba nimefika leo, agonge muhuri. Akasema utaratibu huo haupo. Baraza linakaa Alhamisi, na Alhamisi ile walikuwa wamejaa, nirudi Alhamisi ijayo.

Naomba msimame hapo kidogo, waheshimiwa, kwa sababu barua yangu yote iko katika hicho kikaratasi ambacho sikupewa.

Magauni yalitoka Jumamosi usiku. Balozi na mama mmoja wa kanisani walimwendea kijana nyumbani, wakamsihi. Alikuja saa tatu usiku na ufunguo, akasema anafungua akipewa 60,000 yake. Nilikopa kwenye kikoba, nikampa, hakuandika chochote. Umeme ulikuwa bado umekatwa. Tulishona pindo la magauni manne ya mwisho kwa taa ya kuchaji, mimi na binti yangu, hadi alfajiri. Watoto wote 11 walikwenda kanisani wamevaa. Kwa hiyo kuna mtu ataniambia: si mlango ulifunguliwa, unalalamika nini?

Nalalamika kwa sababu shauri langu lilibaki pale pale. Nilikuwa nadai umeme urudi, nadai 60,000 niliyoitoa nikiwa nimekabwa, nadai 168,000 ya paa. Alhamisi ya pili nilifika saa mbili asubuhi. Sheria inataka baraza la kata likikaa kusuluhisha liwe na wajumbe watatu, na mmoja wao angalau awe mwanamke. Walikuwepo wazee wawili wa kiume. Mama mjumbe alikuwa msibani. Wakasema, na walisema kweli, kwamba hawawezi kukaa. Alhamisi ya tatu wajumbe walitimia ila kijana hakutokea, na barua ya wito nilikuwa nimepewa mimi mwenyewe nimpelekee. Hebu fikirini: mtu aliyekufungia mlango, wewe ndiye umpelekee wito. Nilimpelekea. Aliipokea dirishani bila kufungua mlango.

Halafu ukaingia mwezi wa 12. Mtu asiyeijua Kilimanjaro hawezi kuelewa nikisema mwezi wa 12 mji unahama. Kila aliye na kihamba anapanda mlimani, Marangu, Machame, Kibosho, Rombo, na wajumbe wa baraza nao ni watu, wana wazazi na makaburi ya kusafisha. Ofisi ilikuwa wazi ila baraza halikukaa hadi katikati ya mwezi wa kwanza. Siwalaumu kwa kwenda kwao. Nasema tu kwamba kufuli halina likizo, na mwezi wa 12 ndio hasa wenye nyumba wengi wanahitaji fedha za shule na za sikukuu, na ndio vyumba vya mjini vinapanda bei.

Mwezi wa kwanza nikakutana na msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alinisikiliza bure, akanifungulia macho. Aliniambia kwamba zamani baraza la kata lilikuwa linaweza kuamua mashauri yasiyozidi shilingi milioni 3, lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha tu. Likishindwa, linatoa cheti kwamba limeshindwa, na kwa cheti hicho unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mwenyekiti msomi wa sheria na wazee wa baraza, ambalo ndilo linaloweza kutoa amri. Kisha akasema neno lililonifanya nisimame: baraza la kata likikaa na shauri siku 30 tangu lilipofunguliwa bila kulimaliza, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda wilayani hata bila cheti.

Nikamwambia, basi mimi nina zaidi ya siku 60.

Akaniuliza, "Ushahidi wa tarehe uko wapi?"

Nilirudi kata. Karani akafungua kaunta buku. Ile mistari minne ilikuwepo, jina langu, namba yangu, lakini tarehe haikuwepo. Tarehe zilikuwa zimeandikwa kwenye ukurasa wa vikao tu, na kikao cha kwanza kilichoandikwa jina langu kilikuwa cha mwezi ule ule wa kwanza. Nikaambiwa siku zangu 30 zinaanza pale baraza lilipokaa. Nikaambiwa nivumilie. Mwisho wa mwezi kodi yangu iliisha, kijana akasema chumba ana mtu wa kukichukua, nikahama. Mabati yangu manne yako juu ya nyumba ile mpaka leo, na nikipita kwa bodaboda nayatambua kwa kung'aa kwake kati ya yale yenye kutu.

Sasa semeni kama mnaona ninachokiona. Bunge lilishafikiria mpangaji kama mimi. Lilijua mabaraza ya kata yanaweza kuchelewa, likaweka mlango wa kutokea: siku 30. Mlango huo unafunguliwa kwa ushahidi wa siku shauri lilipopokelewa. Na ushahidi huo hatupewi. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili, na ni dogo kuliko yote mnayoletewa: mtu akifika kata na malalamiko ya nyumba, aandikiwe kwenye karatasi mbili, zigongwe muhuri wa tarehe ya siku hiyo, moja ibaki ofisini na moja aondoke nayo. Halihitaji Bunge. Halihitaji bajeti mpya, kwa sababu muhuri upo, mimi nimeuona mezani, na rimu ya karatasi siyo kitu cha kushinda halmashauri. Linahitaji waraka mmoja wenye saini.

Wazee wa hapa mjini wakisikia kisa changu wananiambia, "Kwa nini hukwenda Baraza la Nyumba?" Wanakumbuka Mabaraza ya Nyumba ya Mikoa yaliyokuwepo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984. Wanasema ilikuwa inajulikana: ukigombana na mwenye nyumba unakwenda pale. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005, na siandiki kudai irudi yote. Najua wenye nyumba waliilalamikia na huenda walikuwa na sababu. Lakini ilipofutwa, kile cha kujulikana pa kwenda nacho kikapotea. Leo ukiuliza watu watano pale stendi mpangaji aliyefungiwa aende wapi, utapata majibu matano, na la kwanza litakuwa "tafuta mtu unayemjua."

Na wala siyo kwamba hatuna sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu ya upangaji, inamwekea mwenye nyumba sharti hata kama halikuandikwa kwenye mkataba: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake aachwe akae kwa utulivu, bila kubughudhiwa, hadi muda wake uishe. Na anayepangisha sehemu tu ya jengo, kama vyumba vyetu hivi vya uani, wajibu wa kulitunza paa na kuta kuu ni wake. Niliposomewa maneno hayo nilishindwa kusema kitu. Paa! Liliandikwa miaka mingi kabla sijapanda kwenye kiti kushika beseni lililokuwa linapokea maji juu ya kitanda cha wanangu. Na Katiba yenyewe, ibara ya 13, inasema mtu akiwa na haki inayotakiwa kuamuliwa na mahakama au chombo kingine, apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Hilo "chombo kingine" linahusu pia kile chumba chenye benchi mbili pale kata.

Kuna mambo mengine ninayoyaona yanahusiana na hilo la muhuri, na kwa kuwa nimeshashika kalamu nitayasema.

Wajumbe wa baraza la kata wanaacha shughuli zao kuja kukaa na matatizo yetu, na mimi mwenyewe nimewaona wakichangishana nauli. Mama mjumbe wa kwetu anauza mbogamboga. Siku akikaa barazani hauzi. Baraza linaweza kuwa na wajumbe wanne hadi wanane, na watatu lazima wawe wanawake, lakini mwanamke anayeacha genge lake bila posho atakuja mara mbili, ya tatu hatakuja, na asipokuja hakuna kikao. Wakurugenzi, gharama za mabaraza haya ziko mikononi mwa halmashauri. Mnapopitisha bajeti, kumbukeni kwamba posho ya mama mmoja ndiyo inayotimiza idadi.

Wito upelekwe na ofisi. Mgambo yupo, mtendaji wa mtaa yupo, balozi yupo. Tena simu zipo. Usimkabidhi mlalamikaji barua ya kumpelekea anayemwogopa.

Fomu ya maombi ya baraza la wilaya nayo iangaliwe. Nilipoiona, nilielewa majina na anuani, mahali nyumba ilipo, kiini cha mgogoro na nafuu ninayoomba. Kisha kuna thamani ya kinachogombewa. Niandike thamani ya nyumba, ambayo siyo yangu na sijui iliuzwa au kujengwa kwa kiasi gani? Niandike kodi ya miezi mitatu? Niandike mabati manne? Mtu wa stationari aliyenisaidia aliniambia niandike milioni 20 "ili waone ni kesi kubwa." Sikuandika. Mstari mmoja wa maelezo chini ya swali lile, kwa Kiswahili cha kawaida, ungetosha kumzuia mpangaji asidanganye bila kukusudia. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Basi na kiwe Kiswahili kinachoeleweka na fundi cherehani.

Jambo la mkataba nalo linatuumiza kimya kimya. Wengi wetu tunanunua mkataba wa kurasa mbili stationari, tunajaza, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia na kugonga muhuri wake, tunadhani tumemaliza. Hakuna anayetuambia kwamba Sheria ya Ushuru wa Stempu inazuia mkataba usiolipiwa ushuru kupokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Tunalijua siku tumesimama mbele ya baraza na karatasi mkononi. Mwenyekiti wa mtaa anayeshuhudia mkataba aelekezwe kutuambia hapo hapo: nendeni mkalipie.

Na kubwa kuliko hayo yote, wale waliofungiwa nje wasipangwe kwenye foleni moja na wanaogombania mpaka wa kihamba. Mpaka wa shamba umengoja tangu kwa babu, unaweza kungoja Alhamisi nyingine. Mtoto mwenye mtihani kesho na daftari lake liko ndani hawezi. Baraza la wilaya lina uwezo wa kutoa zuio la muda wakati shauri linasubiri, na kuna njia ya kuomba lisikilizwe kwa hati ya dharura. Mwambieni mpangaji hivyo. Mwandikieni ukutani. Kwenye kuta za ofisi za kata nimeona mabango ya chanjo, ya kodi ya majengo, ya usafi wa Jumamosi. Sijawahi kuona hata moja linalosema: ukifungiwa nyumba, fanya hivi.

Nilikwenda Taveta, upande wa Kenya, mwaka jana kununua vitambaa, nikavuka pale Holili kama tunavyovuka wote. Mwenye duka niliyenunua kwake alikuwa amepewa notisi na mwenye jengo. Nilimwona ametulia kabisa, nikamuuliza mbona huna wasiwasi. Akanieleza kwamba kwao kuna sheria ya mwaka 1965 ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa: mwenye jengo akitaka kukutoa au kubadilisha masharti anatoa notisi kwa maandishi kwenye fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na wewe ukipinga unapeleka shauri kwenye baraza lao kabla notisi haijaanza kazi. Alinionyesha karatasi zake, zote zimegongwa tarehe, ziko kwenye faili la plastiki chini ya kaunta. Sisemi kwao hakuna matatizo. Matatizo yapo kila mahali. Lakini yule mama alikuwa anauza vitambaa akiwa na amani, na mimi nilirudi Moshi nikiwaza lile faili lake.

Nimesema mwanzo kwamba simtetei mpangaji peke yake. Bibi yule, kabla hajaugua, alinisimulia habari ya mpangaji aliyekaa miezi saba bila kulipa, kisha akaondoka usiku na balbu na hata koki ya bomba. Bibi alikuwa amekwenda kata mara nne. Mara nne, mwanamke wa miaka zaidi ya 70, kwa miguu, na kila mara anaandikwa kwenye kaunta buku na kuambiwa Alhamisi. Mwanawe alikuwa anayaona yale. Nimefikiria sana jambo hilo, na naamini kijana alijifunza pale pale kwamba kata haimsaidii mtu, na kufuli la 5,000 linafanya kazi siku hiyo hiyo. Kama mama yake angesikilizwa ndani ya mwezi, sidhani kama mimi ningefungiwa.

Mji wetu una watu zaidi ya 220,000 kwa sensa ya 2022. Tazameni ni wangapi kati yao wamepanga: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wauguzi wa zamu za usiku, vijana wa bodaboda, akina mama wa mitumba ya Kiboriloni, walimu wapya ambao mshahara wa kwanza haujaingia. Na tazameni ni bibi na babu wangapi wanaishi kwa vyumba vitatu vya uani walivyojengewa na watoto wao. Hawa wote wanategemea Alhamisi ile ile na kaunta buku lile lile. Mabaraza ya wilaya yawe chini ya Wizara au chini ya Mahakama, kwetu sisi mlango wa kwanza utabaki kuwa kata, na mtu wa kwanza atakuwa yule karani.

Karani wetu naye simlaumu. Aliniambia utaratibu haupo, na alikuwa anasema kweli. Kuuweka utaratibu ni kazi yenu.

Nimechapa mfano wa hiyo karatasi kwenye stationari, ukurasa mmoja: jina la anayelalamika, jina la anayelalamikiwa, mtaa, kilichotokea, anachoomba, na chini kabisa nafasi ya muhuri na tarehe. Nimetoa nakala 50 kwa fedha yangu. Jumatatu nitazipeleka kwa mtendaji wa kata ninayokaa sasa, na nitamwomba aanze nazo huku akisubiri waraka wenu. Akizikataa, nitamwomba aandike kwamba amezikataa, na agonge muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, mpangaji,
Moshi